Kani na kanieneo kwa tofali, chupa na bomba la sindano: mwongozo kamili kwa wanafunzi

Mwanafunzi akiulizwa kanieneo ni nini, fomula anaitaja bila kusita: kani, gawanya kwa eneo. Mpe tofali, rula na mizani umwambie atafute kanieneo ya tofali hilo sakafuni, ndipo utaona kazi. Mara nyingi fizikia haijamshinda. Kilichomshinda ni eneo: amepima upande usiogusa chini, au amegeuza sentimita za mraba kuwa mita za mraba kwa kugawanya kwa 100. Ndiyo maana hapa tutapima kwanza, fomula zitafuata nyuma.

Maneno tuyaweke sawa mapema. Kani ni msukumo au mvuto, na kipimo chake ni newton (N). Tungamo ni kiasi cha mata kilichomo kwenye kitu, hupimwa kwa kilo. Uzito ni kani ambayo dunia inakivutia kitu hicho. Sokoni tunasema "uzito wa kilo mbili" na hakuna anayegombana, lakini kwenye daftari la fizikia kilo 2 ni tungamo, na uzito wake ni 2 × 9.8 = 19.6 N. Swali likikupa 10 badala ya 9.8, tumia 10. Usichanganye zote mbili katika swali moja.

Kanieneo, ambayo wengine huiita shinikizo au mgandamizo na mtaani ni presha tu, ni kani inayoangukia kila kipande cha eneo. Newton 1 ikitandazwa juu ya mita 1 ya mraba ni paskali 1 (Pa). Hiyo ni ndogo mno. Karatasi ya A4 ya kawaida, ile ya gramu 80 kwa mita ya mraba, ikilala mezani inakandamiza meza kwa kama 0.8 Pa. Kwa hiyo ukifanya hesabu ya mtu aliyesimama ukapata paskali 20, umesema mtu huyo anakandamiza sakafu kama karatasi 25 hivi. Rudi uangalie eneo lako.

Vifaa

Tofali moja la kuchoma, rula, karatasi ya grafu au ya mistari ya sentimita, tyubu kuukuu ya baiskeli, chupa za plastiki (ya lita 1.5 moja na za nusu lita mbili), ndoo ya lita 10 au zaidi, na mita 2 za mpira unaoonyesha ndani, ule mafundi ujenzi wanaotumia kuhamisha levo kwa maji. Duka la dawa nunua mabomba mawili mapya ya sindano, la mililita 20 na la mililita 5. Sindano zenyewe hazihitajiki. Usiokote bomba lililotumika, hata kama linaonekana safi.

Mizani ya kani kutoka tyubu ya baiskeli

Kata ukanda wa tyubu wenye urefu wa sentimita 25 na upana wa milimita 5 kwa kani ndogo, na mwingine wenye upana wa sentimita 2 kwa kani kubwa. Funga ncha ya juu kwenye msumari uliogongwa juu ya ubao, ncha ya chini weka kitanzi cha waya. Bandika karatasi kwenye ubao nyuma ya ukanda, kisha weka alama ya sifuri mahali kitanzi kilipo kabla ya kuning'iniza chochote.

Sasa tumia maji. Mililita 102 za maji zina uzito wa karibu 1 N. Tundika mfuko mwepesi wa plastiki, mimina mililita 102, subiri nusu dakika, weka alama "1". Ongeza nyingine 102, alama "2", na kuendelea hadi 5 kwa ukanda mwembamba. Kwa ukanda mpana ongeza mililita 510 kila mara: hiyo ni 5 N, 10 N, 15 N, 20 N.

Alama zako hazitakuwa na nafasi sawa, na hapo wengi hudhani wamekosea. Springi ya chuma hurefuka kwa usawa mpaka ifike kikomo chake. Mpira haufanyi hivyo. Tena ukipunguza maji, mpira unabaki mrefu kidogo kuliko ulivyokuwa wakati wa kuongeza. Dawa ni kusoma mizani siku zote ukiwa unaongeza kani, si unapopunguza, na kungoja nusu dakika ileile kila mara.

Tofali: kani ileile, kanieneo tofauti

1. Pima tungamo la tofali. Kama huna mizani ya jikoni, nenda nalo duka la nafaka. Tuseme ni kilo 3. Uzito wake ni 29.4 N.
2. Pima pande zake. Tuseme ni sentimita 22 kwa 10.5 kwa 7.
3. Jaza karai mchanga mbichi, usawazishe kwa ubao bila kuushindilia.
4. Lilaze tofali chali, liache dakika moja, liinue taratibu, pima kina cha alama. Sawazisha mchanga upya, kisha lisimamishe kwa ncha yake ndogo na upime tena.

Likilala chali, eneo ni 22 × 10.5 = sentimita 231 za mraba. Likisimama, ni 10.5 × 7 = 73.5. Hapa ndipo pa kuwa makini. Mita moja ina sentimita 100, lakini mita moja ya mraba ni mraba wenye sentimita 100 huku na 100 huku, yaani 10,000. Kwa hiyo 231 inakuwa 0.0231, na 73.5 inakuwa 0.00735.

Likilala: 29.4 ÷ 0.0231 = 1,273 Pa hivi.
Likisimama: 29.4 ÷ 0.00735 = 4,000 Pa.

Uzito haukubadilika hata kidogo, ila mchanga umejua tofauti. Usitarajie kina cha alama kiwe mara tatu pia. Mchanga haukubali kusukumwa kwa uwiano, hasa ukiwa na unyevu usio sawa. Unachotafuta ni kwamba lililosimama limezama zaidi.

Kuna jambo moja ambalo mazoezi ya shule huliruka. Chukua mizani yako yenye ukanda mpana, funga kamba kwenye tofali, livute juu ya saruji kwa mwendo wa polepole usiobadilika likiwa limelala, kisha likiwa limelala kwa ubavu mwembamba. Msuguano utakuwa karibu sawa mara zote mbili, ingawa kanieneo imepanda. Msuguano wa vitu vikavu vigumu hutegemea kani inayovigandamiza pamoja na aina ya nyuso zinazogusana. Ukubwa wa eneo hauna neno kubwa. Tofauti ikiwa kubwa, ubavu mmoja una nundu au udongo uliobaki wakati wa kuchoma.

Nyayo zako

Kwa mguu, usichore kalamu kuzunguka kiatu. Ukanyagie karatasi. Lowesha wayo, kanyaga karatasi ya grafu ukiwa umesimama wima na uzito wote kwenye mguu huo, toka, kisha fuata ukingo wa maji kwa penseli kabla hayajasambaa. Utaona sehemu ya katikati ya wayo haikugusa. Ukichora kwa kuzunguka mguu unaihesabu na hiyo, na kanieneo yako inashuka bila sababu.

Hesabu miraba iliyojaa. Iliyofunikwa nusu au zaidi ihesabu 1, iliyo chini ya nusu iache. Tuseme ni sentimita 130 za mraba na wewe una kilo 52. Uzito ni 509.6 N. Kwa miguu miwili eneo ni 0.026, kanieneo 19,600 Pa. Kwa mguu mmoja ni 39,200. Kisigino chembamba cha kiatu chenye sentimita 1 ya mraba, kikibeba nusu tu ya uzito huo, kinafika kama paskali milioni 2.5, ndiyo maana sakafu ya mbao huchimbika kwa viatu vya harusi na si kwa ndala.

Chupa yenye matundu matatu

Jaribio hili liko karibu kila kitabu, na mchoro wake mara nyingi si wa kweli. Chupa imesimama mezani, ina matundu matatu, na maji ya tundu la chini yanaruka mbali kuliko yote. Lifanye hivyo hivyo uone.

Choma matundu ya milimita 2 kwa msumari uliopashwa moto, kwenye urefu wa sentimita 6, 12 na 18 kutoka chini. Ziba kwa utepe, jaza maji hadi sentimita 24, weka mezani kwenye sinia, fungua kifuniko, bandua utepe wote kwa mpigo. Ukiendelea kumimina ili maji yabaki kwenye 24, utaona tundu la katikati ndilo linalorusha mbali zaidi, na la chini na la juu yanafika karibu mahali pamoja.

Kanieneo haijakosea. Maji ya tundu la chini yanatoka kwa kasi kubwa kuliko yote, ila yana sentimita 6 tu za kuanguka kabla ya kugonga sinia, hivyo hayapati muda wa kwenda. Ukipuuza upotevu mdogo tunduni, umbali ni mara 2 ya kipeuo cha pili (√) cha (kina cha tundu × urefu wa kuanguka). Tundu la chini lina kina 18 na anguko 6: sentimita 20.8. La katikati, 12 na 12: sentimita 24. La juu, 6 na 18: tena 20.8. Kwako zitakuwa pungufu kidogo.

Ukitaka kuona kina kikishinda, ipandishe chupa juu ya stuli ya sentimita 40 na maji yaangukie chini. Sasa la chini linafika kama 57, la kati 50, la juu 37. Mtihanini, swali likiuliza tundu lipi lina kanieneo kubwa, ni la chini daima. Likiuliza lipi linarusha mbali, angalia kwanza maji yanaangukia wapi.

Mwisho funga kifuniko maji yakiendelea kutoka. Maji yatadhoofika, na ukiacha tundu moja tu wazi yatakoma kabisa, kwa sababu hewa iliyo juu yake ndani ya chupa imetanuka na kupoteza kanieneo, na ya nje inazuia.

Manomita ya mpira

Kwa kupima kanieneo ya maji kwa kina, funga mpira ulio mwangavu kwenye ubao kwa umbo la U, mikono miwili ya sentimita 40. Mkono mmoja uache wazi juu. Mwingine uendelee kama mita moja kwenda kwenye ndoo. Mimina maji yenye rangi kidogo (tone la rangi ya chakula linatosha) hadi katikati ya U. Gonga gonga mpira mpaka mapovu yote yapande. Povu moja likibaki kwenye kona, usomaji wote ni batili.

Ukiuzamisha mwisho wa mpira ulivyo, utapata jibu la kuudhi: kina sentimita 30, tofauti ya viwango kwenye U kama 20 tu. Sababu ni kwamba maji ya U yanaposogea, hewa inapata nafasi, na maji ya ndoo yanaifuata ndani ya mpira. Kanieneo unayosoma ni ya mahali maji yalipokomea ndani ya mpira, sentimita 10 juu ya ncha.

Tatua kwa kengele. Kata chupa ya nusu lita, chukua sehemu ya shingo yenye urefu wa sentimita 6, toboa kifuniko, pitisha mpira, ziba kwa gundi na uache ikauke usiku mzima. Mdomo mpana unaangalia chini. Sasa maji kidogo yakiingia hayapandi hata milimita 3. Kengele itataka kuelea, ifunge kwenye kijiti na uisukume wima. Ukiinamisha, hewa inatoroka kwa mapovu na inabidi uanze upya.

Zamisha kwa sentimita 5, 10, 15, 20, ukipima kutoka uso wa maji ya ndoo hadi uso wa maji ndani ya kengele. Kila mara soma tofauti ya viwango vya U, si urefu wa mkono mmoja tu. Namba zitafanana na kina. Kila sentimita moja ni 98 Pa, kwa sababu kanieneo = wingi wa tungamo kwa ujazo × 9.8 × kina, na kwa maji ni 1,000 × 9.8 × 0.01. Usomaji ukishuka wenyewe wakati kengele imetulia, gundi inavuja.

Vitabu huchora faneli iliyofunikwa puto badala ya kengele. Puto linafanya kazi, lakini mvutano wake unakula sehemu ya kanieneo, na hewa iliyofungwa ndani hupanuka ukiishika kwa mkono. Kengele wazi ni bora.

Ukiwa na chumvi ya kutosha, yeyusha kilo 1.8 katika lita 10 za maji ya ndoo, rudi kwenye sentimita 20. Manomita itasoma karibu 22, maana maji ya chumvi ni mazito kuliko yale ya U.

Jeki ya mabomba mawili

Eneo la pistoni usilitafute kwa kupima kipenyo. Kosa la nusu milimita linaharibu hesabu. Bomba limeshakuandikia ujazo. Pima kwa rula urefu kutoka alama ya 0 hadi ya 20. Ukipata sentimita 6.6, eneo ni 20 ÷ 6.6 = 3.03 za mraba. La mililita 5 likiwa na sentimita 4.2, eneo ni 1.19. Uwiano ni 2.55.

Unganisha mabomba kwa mpira mwembamba wenye kipenyo cha ndani cha milimita 4, yote yakiwa chini ya maji ndani ya beseni, pistoni zikivutwa na kusukumwa mpaka hakuna povu. Funga viungo kwa uzi. Hewa hubanika, maji karibu hayabaniki. Ukiacha povu unasukuma huku upande wa pili umetulia. Ndiyo maana mafundi hutoa upepo kwenye breki za gari kabla ya kulirudisha barabarani.

Yafunge mabomba wima kwenye ukingo wa meza, pistoni juu. Mzigo ukiuweka juu ya pistoni utaanguka, kwa hiyo pitisha kamba juu ya kichwa cha pistoni na uning'inize mfuko wa maji kila upande. Bomba kubwa lipe lita 2.04 jumla, yaani 20 N. Kwa hesabu, dogo linahitaji 20 ÷ 2.55 = 7.8 N, sawa na mililita 800. Ongeza maji kidogo kidogo upande wa dogo.

Halitainuka kwenye 7.8. Raba ya pistoni inasugua ukuta, na msuguano huo si mdogo. Tuseme mzigo unaanza kupanda ukifika 10.5 N. Andika. Kisha punguza maji mpaka mzigo uanze kushuka, tuseme kwenye 5.3 N. Ukipanda msuguano unakupinga, ukishuka unakusaidia. Wastani wa namba mbili, 7.9, ndiyo kani isiyo na msuguano. Nafasi kati ya hizo mbili ikiwa kubwa mno, tia tone la maji ya sabuni ndani ya mabomba. Mafuta ya kupikia yanaivimbisha raba, usiyatumie.

Pima pia mwendo. Dogo likishuka sentimita 4, kubwa linapanda 1.6 tu. Kani imezidishwa, mwendo umepungua kwa kiasi kilekile, na kazi iliyofanyika haikuongezeka.

Hewa

Jaza glasi maji pomoni, funika kwa kadi ngumu, pindua juu ya beseni, toa mkono. Mdomo wa sentimita 7 una eneo la sentimita 38.5 za mraba. Usawa wa bahari hewa ina kama 101,000 Pa, hivyo inasukuma kadi kwa zaidi ya 380 N, na maji ya ndani hayafiki 3 N. Kadi ikianguka, umeacha hewa ndani au kadi imelegea kwa kulowa.

Hewa hiyo inaweza kushikilia safu ya maji ya mita 10.3 tu. Pampu inayofyonza kutoka juu haiwezi kuvuka hapo, na kwa kweli huchoka kwenye 7 au 8. Nairobi, ambako hewa ni nyepesi, kikomo cha hesabu chenyewe ni kama mita 8.4. Pampu ya kisima kirefu huzamishwa chini kwa sababu hiyo: inasukuma, haifyonzi.

Tanki na tairi

Tanki la urefu wa mita 2 juu ya mnara wa mita 4, bomba la jikoni likiwa mita 1 kutoka ardhini: likijaa, kina ni mita 5, sawa na 49,000 Pa, likikaribia kuisha ni mita 3, 29,400 Pa. Lita 500 au 5,000 hazibadilishi kitu. Mtu akilalamika maji hayana presha, kununua tanki nene ni kupoteza fedha. Apandishe mnara, au aangalie kama bomba jembamba lenye kona nyingi linayachelewesha maji yanapotembea.

Geji ya fundi wa tairi inasoma kilichozidi hewa ya nje. Psi (pauni kwa inchi ya mraba) 32 ni kama 220,600 Pa juu ya hewa, na kanieneo yote ndani ni karibu 322,000. Gari la kilo 1,200 likigawanya uzito sawa kwa magurudumu manne, kila moja linabeba 2,940 N. Gawanya kwa 220,600: sentimita 133 za mraba, kama wayo mmoja wa mwanafunzi wetu. Unaweza kuhakiki gari likiwa limezimwa na kufungwa breki ya mkono kwenye sakafu tambarare: sukuma karatasi moja kutoka mbele ya tairi na nyingine kutoka nyuma mpaka zikwame, pima nafasi kati yake, zidisha kwa upana wa kashata (vinundu vya raba vya tairi) zinazogusa. Jibu halitalingana kabisa, kwa kuwa ukuta wa tairi nao ni mgumu na unabeba sehemu ya uzito, na mifereji kati ya kashata haigusi chini.